Nani Kawaambia Pepo Hapendi Wimbo?

Juzi nimetumiwa ujumbe tena, safari hii na mtangazaji wa redio ambaye siku zote nilidhani ana masikio: "Yule binti unayemrekodi alikuwa rapa mkali, mbona sasa amegeuka mwimbaji? Horokoo gani ya kubembeleza?" Nimechoka kujibu swali hili kwa sauti za WhatsApp. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena atatumiwa linki.

Mimi ni prodyuza, studio yangu iko hapa Mombasa, na horokoo, yaani rapu ya vitisho, damu na majinamizi, ni sehemu ya kazi zangu ambayo wasichana wanaifanya vizuri kuliko wavulana. Mvulana akitia melodi kwenye mistari yake husifiwa kuwa ameiva. Msichana akitia melodi ileile, ati amelegea. Ati arudi kwenye korasi alikotoka, mistari awaachie wenyewe. Upuuzi huu una pande mbili, na kwanza niuondoe ule mwepesi, kwamba melodi ni mgeni kwenye horokoo.

Historia, haraka haraka. Rapa Esham wa Detroit alikuwa akifanya rapu ya namna hii tangu 1989. Huko Memphis, Three 6 Mafia walitoa Mystic Stylez mwaka 1995, na ndani yake yumo Gangsta Boo, binti ambaye hakuwa ametimiza miaka 16. Mwaka huohuo Bone Thugs-n-Harmony wa Cleveland walitoa E. 1999 Eternal, albamu ya makaburi na vifo iliyoimbwa kwa sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine, kwa kasi ya kukata pumzi. Makundi hayo mawili yaligombana kwenye rekodi juu ya nani kaiba flo, yaani mtiririko wa kurapu, ya nani. Walikuwa wanagombea melodi, jamani! Anayesema melodi imeingia horokoo juzi kwa sababu ya Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, hajasikiliza chochote cha kabla ya 1997, mwaka ambao programu hiyo ilitoka.

Sasa upande unaoniudhi: dhana kwamba kuimba kunapunguza makali.

Chukua mstari mmoja wa yule binti wa studio yangu aliyeulizwa na mtangazaji, amenikubalia niutumie: *Lala mwanangu ulale, mlango sikuufunga.* Mizani 8 kwa 8, mshororo kamili wa shairi. Kwanza aliusema tu, kwa sauti nzito ya ugomvi, na ukatoka kama mstari wa mtu anayejitahidi kuonekana mbaya. Kisha akauimba taratibu, sauti ndogo, mdomo karibu kugusa maiki. Maiki nyingi za studio ukizisogelea hivyo zinaongeza besi, kwa hiyo sauti nyembamba ya msichana inakuwa na kifua ambacho hukioni ukimtazama. Kwenye kipande cha pili tukaizuia melodi isitue kwenye noti ya msingi, ile ambayo wimbo hutulia. Tukaiacha nusu toni, yaani kidole kimoja tu cha kinanda, juu yake. Sikio linangoja ile nusu toni ishuke. Haishuki. Biti inaingia ubeti unaofuata, na mlango bado uko wazi.

Hicho ndicho kitisho. Kupayuka kunamwambia msikilizaji ajihami, naye anajihami. Ukimbembeleza anajilegeza kwanza, halafu ndipo maneno yanamfikia. Rapa Rico Nasty anayesifiwa kila siku kwa kupayuka, huyohuyo ana nyimbo chungu nzima ambazo anaimba, lakini hizo hamnitajii.

Niongeze jambo la lugha, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaoiga Wamarekani wanapoharibu. Noti ndefu na ya juu tuliiweka kwenye *fu*, si kwenye *nga*. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukichukua melodi ya Atlanta inayorusha noti ya mwisho juu, utapata "sikuufungaaa", na msichana wako wa kutisha atasikika kama utingo wa matatu anayeita abiria wa Likoni. Nimeona nyimbo nzuri zikifia hapo hapo, na watu wakailaumu melodi. Melodi haina kosa. Imekalishwa kwenye silabi isiyo yake.

Jingine ni Auto-Tune. Wasichana wa huku wamekulia kwenye kasida na taarabu, na koo zao zinajua noti ambazo piano haina. Akiimba kitu chenye harufu ya Bayati, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, noti ya pili inaangukia kwenye robo toni, katikati ya vidole viwili vya kinanda. Sasa njoo uweke Auto-Tune kasi ya sifuri, yaani irekebishe papo hapo: programu inaikamata ile robo toni na kuivuta kwenye nusu toni ya karibu. Kila kitu kimenyooka, na hakuna kinachotisha tena, maana kitisho kilikuwa kwenye kule kuteleza. Hijazi, ngazi nyingine ya aina hiyo, huvumilia zaidi, kwa sababu ule mruko mkubwa kati ya noti ya pili na ya tatu hubaki hata mashine ikipita. Kwa hiyo ukilazimika kutumia Auto-Tune kali, andika melodi ya Hijazi. Au izime, urekebishe kwa mkono noti mbili tatu zilizochafuka kweli. Maprodyuza hawapendi ushauri huu kwa sababu unakula muda.

Kuna wanaonijibu kwa Lauryn Hill: mbona yeye mwaka 1998 aliimba na kurapu albamu moja na hakuna aliyelalamika? Ahsanteni, lakini mfano huo haunisaidii. Melodi za Lauryn Hill zinatua, zinakufariji. Horokoo inataka kipaji kilekile kitumike kinyume.

Na kwa nini ubishi huu uwe Mombasa, kati ya miji yote? Muyaka alitunga hapa, na mashairi ya Pwani hayakusubiri mtu ayasome kimya kimya, yalighaniwa kwa mahadhi. Mwana Kupona wa Pate alimwachia binti yake utenzi, na mpaka leo tenzi huimbwa. Hata pepo, kwa wanaoyajua mambo hayo, haji kwa kusemeshwa. Anapigiwa ngoma, anaimbiwa, wanawake wanaitikia mpaka apande. Mtu aliyekulia mtaa wenye ngoma hizo akinieleza kuwa wimbo wa mwanamke hautishi, namtazama tu.

Lakini mpaka kati ya rapu na kuimba, nikiri, siuwezi kuuchora. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hivi: angalia silabi inaangukia wapi dhidi ya sneya, ile ngoma ya mlio mkali kwenye biti. Mwimbaji ataivuta noti yake na biti itamngoja. Rapa hangojewi, hata akiwa anaimba silabi zake zina miadi na ngoma. Ni kanuni nzuri darasani, ila inavuja. Wapo marapa wanaoburuta mistari nyuma ya biti makusudi, na wapo mabibi wa taarabu wanaogonga silabi kuliko rapa yeyote wa mjini hapa. Kwenye kazi natumia masikio, halafu kanuni naitafuta baadaye ili nionekane msomi.

Tena ipo nusu toni isiyotisha. Melodi ileile, noti zilezile, msichana mwingine, na unapata wimbo wa mapenzi. Nimejaribu kulaumu pumzi, nimejaribu kulaumu tempo, na hakuna jibu linalosimama kila mara. Zamani ningemwambia msanii tatizo ni hisia. Sasa hivi namwambia tubadilishe ufunguo wa wimbo, tuupandishe au tuushushe, tujaribu tena.

Kuhusu huyo binti, wimbo bado haujatoka. Yeye anataka ubeti wa tatu aimbe wote. Mimi nataka mistari minne ya mwisho aiseme kavu, bila melodi wala mwangwi, ili msikilizaji ajue alikuwa akiimbiwa na nani. Yeye anasema mimi nimeanza kuogopa maneno ya watangazaji. Ijumaa tunarekodi zote mbili.