Meno ya Ukuta na Muhuri wa Mfalme

Jana nimeulizwa tena, na safari hii na mtu aliyesoma: "Si wafalme wa Uingereza waliwabana makabaila kwa vibali vya ngome ili wasiwaasi?" Hapana! Nimezipitia hati hizi miaka mingi, na mfalme mwenye hofu simwoni humo.

Watu wanachanganya nyakati mbili. Henry II alipotawazwa mwaka 1154, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kweli alibomoa ngome zilizoota kiholela. Hilo liishie hapo. Vibali vya kutia meno ukutani, yaani zile nguzo fupi na mapengo yanayopokezana juu ya ukuta wa ngome, ni vya baadaye, hasa karne ya 13 na 14, navyo vilitolewa kwa wepesi. Aliyeomba kwa kawaida alipewa, na aliyejenga bila kuomba ni nadra kuona ameandamwa.

Tazama nyumba ya Stokesay, karibu na mpaka wa Wales. Lawrence wa Ludlow hakuwa mtu wa vita, alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Mwaka 1291 Edward I alimruhusu kuizungushia nyumba yake ukuta wa mawe na chokaa na kuutia meno. Sasa simama uutazame ukumbi wake: madirisha marefu upande wa ua, na mengine upande wa nje. Nani anayengojea kuzingirwa akajitobolea ukuta namna ile? Lawrence aliyataka meno kwa sababu ndiyo yaliyomtenga muungwana na mchuuzi.

Ngome ya Bodiam, kule Sussex, ndiyo hunitatiza. Kibali cha Sir Edward Dalyngrigge cha mwaka 1385 kinataja kuilinda nchi dhidi ya maadui, na Wafaransa walikuwa wameuchoma mji wa Rye, si mbali na hapo, mwaka 1377. Wenzangu wengine husema lile handaki pana la maji ni pambo tu. Mimi moyo hunikatalia. Mtu huweza kuogopa na kujionyesha kwa pamoja.

Na kibali chenyewe kilikuwa hati ya wazi, iliyoandikiwa watu wote, muhuri ukining'inia chini. Kilitolewa kionekane. John de Cobham, aliyepata chake mwaka 1381, alibandika kwenye lango la ngome yake ya Cooling, huko Kent, bamba la shaba lenye umbo la hati, muhuri wake ukiwa chini, likitangaza kwa Kiingereza, si Kilatini, kwamba ngome imejengwa kuisaidia nchi. Ukipita barabarani unaliona hadi leo.