Mwenye nyumba anajua ukuta unalia lini

Mimi ni mwashi wa nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Zanzibar: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Nikiitwa kutazama ukuta unaolowa, kabla sijagusa chochote namuuliza mwenyewe: "Unalia lini?" Swali hilo nimelipata kwa wateja. Fundi hukaa na ukuta siku chache, mwenye nyumba analala nao mwaka mzima.

Bibi mmoja upande wa Darajani alikuwa na ukuta usiokaa na plasta. Mafundi waliotangulia walikagua mlizamu, wakakagua bomba, wakaongeza saruji. Yeye akaniambia, "Mwanangu, huu haungoji mvua. Huu hulowa bamvua," yaani siku bahari inapojaa sana. Nikamwamini, maana mtaa ule zamani ulikuwa ukingoni mwa mkono wa bahari, ukafukiwa baadaye. Mwezi ulipokuwa mpevu tukapiga mstari wa penseli pale unyevu ulipokomea. Maji mafu yalipofika, siku bahari inapojaa kidogo, unyevu ulikuwa umeshuka chini ya mstari.

Saruji ndiyo iliyouumiza. Maji ya chumvi yakipanda ndani ya jiwe hutafuta pa kutokea; saruji ikiyaziba, hupanda juu zaidi, na chumvi ikiganda nyuma ya plasta huisukuma mpaka ibanduke. Chokaa huyaacha yatoke. Tuliibandua saruji yote, tukauacha ukuta wazi ukauke, ndipo nikapiga chokaa iliyolowekwa shimoni. Chumvi bado hutoka kidogo, na Bibi huipangusa kwa brashi kavu. Hilo nalo alilijua mwenyewe: ukiosha kwa maji, unairudisha ukutani.

Nahodha mmoja mstaafu wa Malindi, mtaa wa hapa hapa Mji Mkongwe, alinifunza mambo ya upepo. Ukuta wake wa kusini ulilowa masika tu, na paa lilikuwa zima. "Mvua ya kusi, upepo wa kusini, haishuki wima," alisema, "tazama madirisha." Juu ya fremu palikuwa na ufa ambao ukitazama kutoka chini huuoni kabisa.

Siku hizi ukuta unaotazama kusini nataka niumalize mapema, wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, kabla ya Machi. Chokaa hukomaa polepole kwa hewa, na kwa jua la kaskazi lazima uifunike magunia mabichi isikauke upesi. Mteja akiniita Aprili namwomba asubiri masika ipite, na mpaka hapo aniandikie kila siku anapoona ukuta umelowa, na upepo unavuma kutoka wapi.