Sumaku ikinasa kisu, je, si stenlesi?

Imani hii ni ya siku nyingi: mnunuzi wa kisu cha kambini au cha kuwindia hukigusisha na sumaku, na ikinasa hukirudisha mezani akiamini si stenlesi na kitaota kutu. Imani yenyewe ina chanzo. Sufuria na vijiko vingi vya stenlesi havinaswi na sumaku, kwa sababu chuma chake kina nikeli, mara nyingi asilimia 8 hadi 10.

Kisu ni habari nyingine. Kinachozuia kutu ni kromiamu, angalau asilimia 10.5 hivi, nikeli si lazima. Tena chuma chenye nikeli nyingi hakiwi kigumu kwa kupashwa moto na kuzimwa ghafla, kwa hiyo makali yake hulala upesi. Ndiyo maana visu vya stenlesi hutengenezwa kwa aina kama 420 na 440, ambazo sumaku huzinasa barabara. Kwangu mimi, kisu cha chuma cha kuchunia mnyama kisichonaswa hata kidogo ndicho cha kutiliwa shaka.

Ukitaka kuhakiki, soma namba iliyogongwa kwenye bapa. Au, ukishakifikisha nyumbani, dondoshea maji ya limau karibu na mpini, uache saa chache: chuma cha kaboni hubaki na doa la kijivu au jeusi, stenlesi kwa kawaida hubaki ikimeta. Lakini stenlesi nayo huota kutu ikilazwa na damu au chumvi ndani ya ala ya ngozi. Ioshe na kuikausha kwanza.