Beki wa Czech akirudi nyumbani, ameshindwa?

Wengi huamini kwamba beki wa hoki ya barafu kutoka Czech akishachaguliwa na klabu ya Amerika Kaskazini, kisha akaonekana anacheza kwao, basi ameshindwa. Ni rahisi kudhani hivyo, maana neno "kuchaguliwa" linasikika kama kusajiliwa.

Sivyo. Uteuzi wa wachezaji chipukizi unaofanywa kila mwaka na NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, huipa klabu haki ya kufanya naye mazungumzo tu. Mkataba ni suala jingine. Raundi za uteuzi ni 7, klabu 32, na kila timu kwa kawaida huingiza mabeki 6 tu kwenye mechi. Hesabu yenyewe inakwambia wengi hawatapata nafasi. Na ligi ya nyumbani si jalala: kikosi cha Czech kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki kule Nagano mwaka 1998 kilikuwa na wachezaji wa huko ng'ambo na wa nyumbani pia.

Ukitaka kuhakikisha, fungua jedwali la takwimu za mchezaji. Mwaka wa kuchaguliwa huandikwa peke yake. Wewe tazama mechi alizocheza kila msimu, na ligi gani. Kwa beki, dakika za uwanjani husema mengi kuliko mabao.