Kobe la mzee: kwa nini sikuliwekea mashine ya Toyota

Miezi saba hii Volkswagen ya zamani, ile inayoitwa kobe, imekaa uani kwangu hapa Isevya, Tabora, chini ya mwembe, na karibu kila fundi aliyepita getini kanipa ushauri uleule, toa hiyo mashine weka ya Toyota uachane na mateso. Wengine ni watu niliojifunza nao kazi na nawaheshimu kabisa, ila kwenye hili sikuwasikiliza na leo nataka nieleze kwa nini, maana makobe mengi sana yanauawa kwa ushauri huo wakati yangepona.

Gari yenyewe ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1966, hii wengine wanaiita kobe wengine mgongo wa chura. Ni ya mzee mmoja mwalimu mstaafu, ilikuwa juu ya matofali nyumbani kwake, matairi yameoza, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na nilipoinua mfuniko wa mbele (buti ya hii gari iko mbele, mashine iko nyuma) nikakuta nyuki wamejenga humo. Tabora bwana. Tukamwita mrina asali akaja jioni na moshi wake, akawahamisha taratibu, asubuhi ndio tukaivuta. Mzee hakuniambia anataka ing'ae wala nini, alisema tu, "mwanangu, nataka niendeshe mwenyewe mpaka Nzega nikamsalimie dada yangu". Basi hicho ndicho kikawa kipimo changu kwa kila kitu, hiki kinamfikisha mzee Nzega na kumrudisha? Kama kinasaidia nabadili, kama hakisaidii nakiacha kama kilivyotoka kiwandani.

Sasa twende kwenye mashine maana hapo ndipo penye ugomvi. Ina cc 1285, nguvu za farasi 40, silinda nne zimelala mbili kushoto mbili kulia, na haina maji. Haina rejeta, haina mpira wa maji, haina kitu cha kuchemsha. Inapozwa na upepo wa feni iliyofungwa kwenye shafti ya dainamo, na hiyo dainamo inazungushwa na mkanda mmoja tu, yaani mkanda ule ndio maji yenu nyie wenye Toyota. Ukikatika taa nyekundu ya chaji inawaka kwenye dashibodi, wengi wanadhani ah ni chaji tu nitafika, wanaendelea, na baada ya dakika chache mashine imeungua. Taa ile ikiwaka unasimama hapohapo, hata kama ni katikati ya pori.

Upepo wa feni haupulizwi hovyo, unaingia kwenye boksi la bati, boksi linaugawa kushoto na kulia, unapita kati ya mapezi ya silinda, chini kuna vibati vidogo vinaulazimisha ukumbatie silinda mpaka upande wa chini, ndipo utoke chini ya gari ukiwa wa moto. Halafu kuzunguka mashine yote kuna bati na mpira unaoziba nafasi kati ya mashine na bodi, na huu mpira ndio watu wanaudharau kuliko vyote. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini kwenye ekzosi. Mpira ukioza na usiurudishe, feni inavuta ile hewa ya moto iliyotoka chini inairudisha tena kwenye silinda, na hapo unaendesha gari inayojipuliza joto lake yenyewe. Ndipo mtu anasema hizi gari haziwezi jua la Tabora. Zinaliweza sana, ila mtu kazivua nguo.

Kwenye gari ya mzee nilikuta fundi aliyetangulia katoa vibati vyote vya chini ya silinda, nadhani aliona vinamchelewesha kufunga, mpira wa kuzunguka haupo, na hata vile viraba vya waya za plagi, ambavyo vinaziba matundu ya plagi zinapoingia, havikuwepo. Nilipofungua hedi ya kushoto sikushangaa, vali ya ekzosi ya silinda namba tatu imeungua ukingoni. Ni namba tatu karibu kila mara na kuna sababu. Kwenye mashine za miaka ile kipozeo cha oili kimesimama ndani ya boksi la feni upande wa kushoto, kwa hiyo upepo unaokwenda namba tatu unakuwa umeshapita kwenye oili ya moto kwanza. Wajerumani wenyewe walilijua hili, ndio maana disibyuta (kile kinachogawa moto kwa kila plagi) nyingi za zamani zimechongwa namba tatu iwake kwa kuchelewa kidogo, na kwenye mashine za kuanzia 1971 kile kipozeo wakakihamisha kikapewa njia yake ya upepo. Mimi sikuwa na boksi la 1971 kwa hiyo nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Vile vibati nilivikata mwenyewe kwa bati jembamba nikifuata umbo la kimoja nilichoazimwa, mpira wa kuzunguka nikakata tyubu ya lori kwa muda mpaka wa kwenyewe ulipofika.

Tapeti zenyewe, yaani nafasi ya vali, naziseti 0.15 mm mashine ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha, sio imezimwa saa moja iliyopita. Vali ikikosa nafasi haikai vizuri kwenye kiti chake, na vali ya ekzosi inapumulia pale kwenye kiti, joto lake linatokea pale. Oili ni lita mbili na nusu tu na haina filta ya karatasi, kuna chujio la waya chini basi, na oili hiyohiyo ndiyo inasaidia kupoza. Kwa hiyo kila kilomita 5,000 mwaga, weka mpya, usiionee huruma hela ya oili halafu ulie na krenki.

Kuhusu spea, watu wanasema hazipatikani. Zilitengenezwa gari 21,529,464 za aina hii, ya mwisho ilitoka Puebla kule Mexico tarehe 30 Julai 2003, na gari iliyotengenezwa kwa wingi hivyo na kwa miaka mingi hivyo haiwezi kukosa vali na ringi. Hapa Tabora dukani hutazikuta hilo kweli, unaagiza na unasubiri. Mimi nilisubiri wiki sita, nikazitumia chini ya gari.

Na chini ndiko kulikokuwa na kazi kubwa. Hii gari imejengwa vipande viwili, sakafu yenye mfupa katikati, na bodi iliyofungwa juu yake kwa boliti pembeni kuzunguka. Ukizifungua zote bodi inanyanyuka kama sufuria inavyoachana na mafiga, tuliinyanyua vijana sita na mzee anaangalia kashika kichwa. Tabora kutu sio kali kama pwani ila mvua ya Novemba mpaka Aprili inatosha, na betri ya hii gari inakaa chini ya kiti cha nyuma kulia, asidi ikivuja miaka na miaka inakula bati pale kwanza. Nilipokwangua tundu lilikuwa sawa na sahani ya wali. Nilikata mpaka nikafika kwenye chuma kizima, nikachomelea bati la 1.2 mm, kidogo hapa kidogo kule, naacha lipoe, maana ukichomelea mstari mzima kwa mkupuo bati linajikunja. Na kabla ya kukata chochote pembeni chomelea bomba kuvuka uwazi wa mlango. Miaka ya nyuma gari nyingine sikufanya hivyo, nilikata pande zote mbili siku moja, bodi ikajibana na milango haikufunga tena sawasawa, nilirudia kazi yote.

Kuna watu waliniambia ile mifereji miwili ya pembeni chini ya milango kata tupa, ni ya kupitisha joto ndani na Tabora nani anataka hita. Jamani hapana. Ni kweli inapitisha joto, ila ndiyo pia inayoibeba bodi na kuifunga na sakafu, ukiitoa gari inalegea katikati. Hita unaweza kuifunga isifanye kazi, mfereji unabaki.

Ndani ya mifereji hiyo brashi haifiki, na hapa ndipo Tabora tuna utajiri ambao mafundi hatuutumii, nta ya nyuki. Ile ya kwenye buti ilikuwa kidogo, nikanunua sokoni. Nachukua nta gramu 350 naikwangua iwe vipande vidogo, nailoweka kwenye tapentaini ya rangi lita mbili na nusu, chombo nakifunika nakiacha juani kutwa mbili tatu mpaka iyeyuke yenyewe, kisha naongeza oili safi ya mashine lita moja. Usiweke motoni, narudia usiweke motoni, mvuke wa tapentaini unalipuka na nyumba inaenda. Halafu napuliza kwa kompresa kupitia bomba jembamba ndani ya mfereji mpaka ianze kuchuruzika kwenye vitundu vya chini. Tapentaini inaruka, nta na oili vinabaki vimeshikana na chuma, na nta haiyeyuki mpaka joto lifike kama nyuzi 62, kwa hiyo jua letu haliitoi. Nyumba yote ilinuka asali kwa wiki nzima, mke wangu hakulalamika.

Nilichobadili sasa. Umeme kwanza. Gari ilikuwa ya volti 6, taa zake usiku ni kama mshumaa, na barabara ya Nzega ina malori na ng'ombe. Nikapeleka volti 12, yaani dainamo na katauti yake (kidhibiti chaji), koili, betri, balbu zote, flasha, na kile kipande cha umeme cha choki ya kabureta. Starta niliiacha ya volti 6, inavumilia ila unaigusa tu mara moja mashine inawaka, sio unaing'ang'ania. Geji ya mafuta haikuguswa kabisa maana ya hii inavutwa na kebo kutoka kwenye boya la tanki, haina hata waya, kitu kizuri sana kile. Na betri niliifunika kwa mpira mnene, kwa sababu springi za kiti cha nyuma zikishuka zikagusa vichwa vya betri kiti kinawaka moto.

Breki. Ya 1966 ina masta silinda ya njia moja, bomba moja likipasuka popote miguu yote minne huna. Hapa sikuwa na mjadala na nafsi yangu, nilifunga masta ya njia mbili ya matoleo ya baadaye na mabomba mapya. Mikanda ya kiti nayo, nilichomelea sahani nene za chuma mahali pa kufungia kwanza, usifunge mkanda kwenye bati tupu.

Kabureta ni Solex yake ileile, nimeshusha jeti kubwa (kitundu kinachopima mafuta) saizi moja tu. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko kule kiwandani ilikosetiwa, ukiacha jeti ya mwanzo plagi zinatoka nyeusi na inakunywa mafuta bure. Sasa zinatoka rangi ya kahawia na sailensa, yaani mngurumo wa mashine bila kukanyaga mafuta, imetulia.

Kijana mmoja alitaka niishushe chini na niipe rimu pana. Kwa barabara za mtaani kwetu mwezi wa pili? Nikamwonyesha sehemu ya chini ya mashine inayobeba oili ilivyo karibu na ardhi akanyamaza.

Rangi nitaisema kwa ufupi kwa sababu watu wanaanza nayo na mimi niliimalizia. Nyuma ya dashibodi nilikuta kipande hakijawahi kuguswa na jua, bluu ya mwanzo kabisa, nikakipeleka kwa mchanganyaji akailinganisha. Praima, msasa wa maji, rangi mikono mitatu, alfajiri kabla upepo wa vumbi haujaamka.

Jaribio la kwanza tulienda Kwihara na kurudi, nikakaza mkanda wa feni maana ulikuwa mpya umelegea. Ukiubonyeza kwa kidole gumba ushuke kama milimita 15, sio zaidi. Jumamosi iliyofuata tukaenda Nzega, mzee kwenye usukani, mimi pembeni na spana zangu miguuni. Kila baada ya muda nilimwomba asimame, navuta dipstiki nashika ncha yake kwa vidole, kama naweza kuishika bila kuiachia basi oili iko salama. Niliishika kila mara, na jua lilikuwa la saa saba mchana.

Tulipokata kona ya mwisho kwenda kwa dada yake, bibi alikuwa tayari kasimama mlangoni na kanga begani, hatujafika hata getini. Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza nani kakuambia tunakuja. Akasema hakuna, ameusikia mlio tangu barabarani, akajua ni kaka yake.