Usiifue nguo hiyo: jinsi ya kulinda ushahidi wa mateso

Kila inapokaribia Juni 26, Siku ya Kimataifa ya Kuwaunga Mkono Waathiriwa wa Mateso, malalamishi huongezeka ofisini mwetu. Tunashukuru kwamba watu wanasema. Lakini mengi hufika yamechelewa, na hilo ndilo limenifanya niandike.

Mwaka jana alikuja kijana aliyekuwa ametoka korokoroni wiki tatu kabla. Mama yake alibeba shati la mwanawe, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri ndani ya mfuko. "Sikutaka aendelee kuiona ile damu," akatuambia. Hakuna mzazi wa kulaumiwa hapo. Ila shati lile lilikuwa shahidi, na ushahidi wake ulikwenda na maji ya sabuni.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso ulipitishwa mwaka 1984, ukaanza kutumika Juni 26, 1987, na Kenya ikajiunga nao mwaka 1997. Katiba yetu, Ibara ya 25, inasema haki ya kutoteswa haiwezi kuwekewa mipaka. Kwa hiyo tunaomba maneno ya "jambazi lazima atandikwe kidogo ndipo aseme" yakome. Vita si kisingizio, wala ghasia, wala amri ya mkubwa. Isitoshe, mtu anayepigwa husema lolote litakaloukomesha mkono unaompiga, na Ibara ya 50 inamtaka hakimu akatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mshukiwa iwapo utaifanya kesi isiwe ya haki. Anayepoteza hapo ni yule aliyeibiwa.

Wengine nao hutuletea ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji, wakauita mateso. Tunawasikiliza, lakini mateso kisheria ni maumivu makali, ya mwili au ya akili, yanayosababishwa kwa makusudi, mathalani ili mtu akiri, aadhibiwe au atishwe, na yanayofanywa na afisa wa umma au kwa ridhaa yake. Shambulio la jirani ni kosa pia, lina sheria yake.

Chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017, anayepatikana na hatia ya kutesa anaweza kufungwa hadi miaka 25. Mwathiriwa akifariki, kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Lakini ili tufike huko, faili lazima lisimame mahakamani, na faili husimama kwa daktari.

Kwanza nenda hospitali, hata kabla ya kutafuta wakili. Mwambie daktari kilichotokea kwa maneno yako mwenyewe, usiseme "nilianguka". Omba kila jeraha lipigwe picha likiwa na rula kando yake, kwa sababu picha isiyo na kipimo hubishaniwa. Waliopigwa nyayo wavue viatu, hata kama hawakuulizwa: uvimbe wa nyayo hupungua kwa siku chache na hakuna atakayeutafuta chini ya soksi. Nguo zenye damu ziachwe zikauke, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huziozesha. Kisha piga ripoti kituo cha polisi, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, nayo haiuzwi. Ikiwa kituo hicho ndicho kilichokuumiza, si lazima urudi hapo. Nenda kituo kingine, au moja kwa moja IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Kwa maafisa wasio polisi, kama askari jela, nenda Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Madaktari wanao mwongozo wa kimataifa wa kazi hii, Itifaki ya Istanbul, uliokamilishwa mwaka 1999 na kuhuishwa mwaka 2022. Unawataka wapime kila jeraha dhidi ya maelezo ya mwathiriwa kwa ngazi tano, kuanzia "haliwiani" hadi jeraha lisiloweza kuelezwa kwa namna nyingine yoyote. Neno moja la ngazi hizo lina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Tunaulizwa sana kuhusu pesa za Umoja wa Mataifa. Mfuko wa Hiari wa Waathiriwa wa Mateso upo tangu 1981, lakini ruzuku zake hupitia mashirika yanayotoa tiba, ushauri nasaha na msaada wa kisheria. Anayekwambia ulipe ada ili jina lako "lipelekwe Geneva" ni tapeli. Tafadhali mripoti.

Yule kijana hakurudishwa nyumbani, ingawa alichelewa. Itifaki hiyohiyo inatambua majeraha ya akili, na hayo hayaishi kwa wiki tatu. Daktari alikaa naye asubuhi nzima. Aliandika alama zilizozunguka vifundo vya mikono yake, kisha akaandika kwamba kijana halali mlango ukiwa umefungwa, na kwamba mlio wa funguo humfanya asimame wima ukutani. Mama yake, aliyekuwa ameketi kando, alikuwa hajui maana ya kusimama kule.