Je, wajua maneno "nzuri" na "wastani" yanaingiaje kwenye hesabu?

Tuseme meneja wa utumishi kwenye shamba la chai Mufindi ana njia tatu mezani: kuwapa wachumaji bonasi kwa kilo, kuwapa mafunzo, au kuongeza vibarua msimu wa mvua. Anawauliza wasimamizi wa mashamba, nao hawamjibu kwa tarakimu. Wanasema "nzuri", "wastani", "hiyo hapana".

Hapo ndipo zinapofaa mbinu za fazi (kwa Kiingereza "fuzzy"), yaani hesabu za maneno yasiyo na mpaka mkali, zilizotokana na makala ya Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1965. Wengi hudhani ni kubahatisha kwa kisomi, au ni hesabu za uwezekano zilizobadilishwa jina. Sivyo kabisa. Uwezekano huuliza lisilojulikana bado: je, kesho Njombe kutakuwa na baridi? Fazi huuliza lililokwisha kuonekana: kipimajoto kinasoma nyuzi 14, je, hiyo ni baridi kwa kiasi gani? Mwenyeji wa Makete atasema kidogo. Aliyeshuka sasa hivi kwenye basi la Dar es Salaam atasema sana. Nyuzi 14 hazina ubishi. Baridi ndiyo haina mpaka uliochorwa, na hata ukingoja hadi kesho mpaka huo hautajichora.

Kwa hiyo, kwenye mizani ya 0 hadi 10, "nzuri" hupewa namba tatu, ya chini, ya kati na ya juu, mathalani 5, 7 na 9. Alama ya 7 imo kikamilifu, 6 imo nusu, 5 haimo. "Wastani" huwa 3, 5, 7. "Nzuri sana" 7, 9, 10. Wasimamizi watatu wakiyagawana majibu hayo kuhusu bonasi, za chini zinajumlishwa peke yake, za kati vilevile, za juu vilevile, kila jumla inagawanywa kwa 3: tunapata 5, 7, 8.67. Wastani wake ni 6.89. Mafunzo, yaliyoitwa "nzuri" na wote watatu, yanapata 7.

Mafunzo yameshinda? Taratibu. Ile tofauti ya 0.11 haikutoka kwa wasimamizi. Imetokana na mizani kukomea 10, "nzuri sana" ikakosa nafasi ya kupanda hadi 11. Tena hesabu imeficha kwamba kuhusu bonasi hawakukubaliana. Thomas Saaty, aliyebuni mbinu maarufu ya kupanga vipaumbele iitwayo AHP, alipinga waziwazi kuitia fazi ndani yake.

Mimi naona faida kubwa iko kwenye kumrudia yule aliyesema "wastani". Huenda ameona kwamba anayelipwa kwa kilo haishii kwenye majani mawili na chipukizi, anachuma hadi majani magumu, na kiwandani chai inashuka daraja.